Muuza Mtumba Naye Apewe Leseni Yake

Wako watu wanaodhani kwamba muuza mtumba ni mtu wa kupita tu, leo yupo Mbauda na kesho hayupo, na kwa hiyo kumsemea habari za leseni ni kupoteza wino. Sisi hatukubali. Nenda Kilombero asubuhi, au nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, ukatazame wanunuzi. Mkulima wa kahawa yupo, mwalimu yupo, karani yupo. Hata wale wanaocheka mtumba barazani huja jioni jioni kuchagua koti. Baridi ya Julai chini ya Mlima Meru haimwulizi mtu koti lake limetoka wapi.

Basi leo twataka kusema habari za mtu aliyechoka kutandika turubai chini, anayetaka kuingia dukani auze makoti, viatu, redio, majiko na meza zilizokwisha tumika, na ukutani atundike leseni yake kama wenye maduka wengine.

Kwa Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25 ya 1972, hakuna ruhusa ya kufanya biashara bila leseni. Leseni ya duka la namna hii hutolewa na halmashauri, na maombi siku hizi hupitia mtambo wa TAUSI. Mwombaji awe na namba ya NIDA, namba ya mlipa kodi, cheti kwamba hadaiwi kodi, na mkataba wa pango. Akitaka duka liitwe kwa jina lisilo lake mwenyewe, aliandikishe BRELA. Mtu akisoma hivi atasema, mbona ni kazi ndogo? Na kweli, namba ya mlipa kodi hutolewa bure.

Shida iko kwenye ule mkataba wa pango. Sheria ya kodi yasema mpangaji anayefanya biashara akate asilimia 10 ya pango, aipeleke TRA, na inayobaki ndiyo ampe mwenye nyumba. Maana yake kodi ile ni ya mwenye nyumba. Lakini nani Ngarenaro au Unga Limited atakayemwambia mwenye nyumba, “Mzee, nimekata fedha yako”? Atajibiwa kwamba wapangaji wako wengi. Basi mnyonge hulipa pango kamili, kisha huitoa asilimia 10 mfukoni mwake, na ushuru wa stempu juu ya mkataba. Tuseme chumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000, na ile asilimia 10 ni 180,000. Fedha hiyo imekwenda kabla hajauza hata soksi moja! Twauliza: kwa nini atafutwe mpangaji anayeweza kuhama usiku, asitafutwe mwenye nyumba ambaye nyumba yake haikimbii?

Liko na jambo la mipaka. Kila mahali pa biashara pana leseni yake. Mwenye duka Mbauda akitaka kufungua na chumba Tengeru, kwa barabara ya Moshi, amekwisha toka Jiji na kuingia Halmashauri ya Meru, na huko ataomba upya. Hatusemi halmashauri zisipate mapato. Twasema zikae pamoja, na ile ya Wilaya ya Arusha iwemo, zione namna ya kumpunguzia mzigo mtu wa maduka mawili madogo.

Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wengi walipumua. Lakini kitambulisho kile kilikuwa cha mtu wa chini. Kati yake na leseni ya duka hapakuwekwa ngazi. Anayetaka kupanda huogopa, akarudi kwenye turubai.

Wako watakaotuambia: ninyi mnaojiita wazalendo, mbona mnatetea nguo zilizotupwa na Wazungu? Swali hilo ni la haki. Tungependa sana kuvaa pamba yetu. Machi 2016, hapa hapa Ngurdoto, wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuelekea kuikomesha mitumba katika miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA. Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Wengine tulirudi nyuma. Na kiwanda cha Kiltex kilichokuwa hapa Arusha kilikwisha kufa zamani. Basi maadamu viwanda havijatuvika, na belo zinashushwa bandarini kwa ruhusa ya Serikali na ushuru ukilipwa, haifai kumfanya mwenye belo moja aonekane mhalifu.

Na ninyi wauzaji tuna neno nanyi. Redio na simu huja dukani kwa mikono mingi. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na kusema “mimi nilinunua tu” hakutoshi. Kila dukani kiwepo kitabu: jina la aliyekuuzia, namba ya kitambulisho chake, kitu gani, tarehe gani. Askari akija, mtolee kitabu na leseni. Tena nguo za ndani za mtumba TBS imezikataza. Msizifiche chini ya belo.

Twaomba mambo mawili. Halmashauri zibandike ukutani, kwa Kiswahili, gharama zote za leseni na siku ambazo mwombaji atangoja. Na mwenye duka dogo la kwanza asinyimwe cheti cha kodi kwa sababu ya deni la mwenye nyumba. Hili la pili ni la Bunge na TRA, twajua. Lakini madiwani wana midomo. Wa Jiji na wa Meru, twangoja kusikia nani ataanza kulitaja barazani.