Redio Haijafa: Imenyang'anywa Kazi Yake

Ndugu wapenda haki wa Kitale na Bungoma,

Mikutanoni mwetu hurudiwa neno, hata na watu wenye nia njema, kwamba zama za redio zimepita na kwamba ukweli sasa hutafutwa katika runinga. Tunalipinga neno hilo. Redio haijafa, imenyang'anywa kazi yake.

Tukumbuke ilivyokuwa. Redio ilianza kutangaza Kenya mwaka 1928, ikiwahudumia walowezi. Runinga ilifika mwaka 1962. Mwaka 1964 Serikali ilivitwaa vyombo vyote viwili na kuviita Sauti ya Kenya. Kuanzia hapo picha zikawa za miji yenye umeme, na sauti ikawa ya mashambani. Sisi tuliolelewa huku twayakumbuka mawe ya redio yaliyoanikwa juani ili yapate nguvu ya kufikia taarifa ya habari ya saa moja. Na taarifa yenyewe ilianza kwa nini? Kwa safari na maneno ya Mtukufu Rais.

Mwaka 1990 KTN ilifunguliwa Nairobi, na wengi wakadhani ukiritimba umevunjika. Ulivunjika kwa wachache waliofikiwa na mawimbi yake. Katika uchaguzi wa 1992, waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliikosoa KBC kwa kuipendelea KANU. Mwaka huo huo nyumba ziliteketea Trans Nzoia na Bungoma katika mapigano ya kikabila, na mwananchi aliyetaka kujua yanayotendeka nchini mwake alilazimika kuitafuta BBC kutoka London.

Redio za binafsi zilipoanza mwaka 1996, wakubwa walikuwa wamekwisha kutekwa na kamera. Mwanasiasa huwaita waandishi ili aonekane usiku katika runinga. Redio nyingi huachiwa muziki, na masihara ya asubuhi juu ya ugomvi wa mume na mke. Runinga haikuiondolea redio wasikilizaji. Iliiondolea watu wa kuwajibu wasikilizaji hao.

Je, runinga yenyewe imetulinda? Mwaka 2015 matangazo ya analojia yalizimwa, na nyumba isiyo na king'amuzi ikabaki na kioo cheusi. Tarehe 30 Januari 2018 Serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe. Amri ikadharauliwa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 zilizimwa tena kwa kuonyesha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama ikaingilia kati. Vituo vikubwa vichache huzimwa kwa siku moja. Redio ndogo mia moja, kila moja na watu wake, haziwezi kunyamazishwa kwa urahisi huo.

Hatusemi redio ni malaika. Baada ya uchaguzi wa 2007 baadhi ya vituo vya lugha za mama vililaumiwa kwa uchochezi. Lakini dawa ya sauti mbaya ni uwajibikaji, si ukimya.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 yaikataza Serikali kuingilia utangazaji, na yavitaka vyombo vya umma vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Basi tunadai mambo mawili. Kwanza, KBC itimize ibara hiyo kila siku, si msimu wa kura tu. Pili, masafa yatolewe kwa redio za jamii, ambazo sheria yazitambua, kabla ya kugawiwa wanasiasa na jamaa zao.

Nanyi waumini mna kazi. Kila parokia iwe na kikundi cha kusikiliza. Andikeni tarehe, saa, kituo, aliyesema na aliyenyimwa nafasi ya kujibu. Malalamiko yasiyoandikwa hupeperuka. Daftari lenye tarehe ni ushahidi, nasi tutalipeleka mahakamani.

Tumesikiliza vya kutosha. Sasa na sisi tusikilizwe.