Salfa imefika, barakoa ziko wapi?

Makamanda, kila msimu wa kupuliza mikorosho viongozi wetu huku Mtwara wanashindana kutaja tani. Salfa imeshushwa, salfa imegawiwa, picha zinapigwa mbele ya mifuko. Barakoa haitaji mtu.

Tuelewane: hatudai salfa ipigwe marufuku. Ubwiriunga ulichangia kuiporomosha korosho ya Tanzania kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Wazee wa Newala na Tandahimba hawajasahau njaa ile. Lakini mkorosho mmoja unapulizwa kama robo kilo kwa mzunguko mmoja, maana yake mfuko wa kilo 25 ni miti mia tu. Kazi inafanyika alfajiri, majani yakiwa na umande, na kijana mwenye mashine mgongoni amejifunga tisheti puani. Macho yanawasha, kifua kinabana, jioni anaambiwa anywe maziwa. Jamani, maziwa hayaoshi mapafu!

Na salfa ina nafuu. Dawa za maji za wadudu, kama zile zenye profenofosi, zinapenya hata kwenye ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu: jasho, mate, kutapika, mboni za macho kusinyaa. Mwanzoni ni kichwa na kichefuchefu, ni rahisi sana kuandikiwa malaria. Sindano yake ni atropini. Zahanati ya kijijini kwako inayo?

Sheria tunazo. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sawa, ila kibarua anayepuliza leo kwa huyu, kesho kwa yule, mwajiri wake nani? Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ikaleta mamlaka ya viuatilifu, makao makuu Arusha, ncha ya pili ya nchi. Na ibara ya 14 ya Katiba haiishii kwenye haki ya kuishi, inataja pia kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Serikali inayoweza kumfikishia mkulima mfuko wa salfa haishindwi kuufunga pamoja na barakoa, miwani na glavu.

Kwa hiyo kabla ya mgao ujao, mbaneni diwani wenu aulize mambo mawili kwenye baraza la halmashauri: wapulizaji wangapi walitibiwa msimu uliopita kwa sababu ya dawa, na bajeti ya vifaa vya kinga ni shilingi ngapi. Akijibiwa kwamba takwimu hazipo, ombeni jibu hilo kwa maandishi, mtuletee.