Taa ya kusomea si taa ya kulalia

UKIPITA Bombolulu saa mbili usiku, ukaiacha barabara ya Malindi na kuingia vichochoroni, utaona mwangaza mweupe kama maziwa ukimwagika kutoka dirisha baada ya dirisha. Ni balbu moja tu, katikati ya dari, ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Chini ya balbu hiyo mama anapika, baba anasikiliza habari, mtoto wa shule anafanya hesabu na kitoto kichanga kinautafuta usingizi. Saa nne ikifika, balbu ni ile ile.

Tunapokwenda duka la hadiwea kununua taa, wengi wetu huuliza maswali mawili pekee: ni bei gani, na je, inawaka sana? Maoni yangu ni kwamba maswali hayo hayatoshi. Taa ni jambo la afya kama yalivyo maji na chakula. Swali la kwanza lingekuwa hili: ni nani atakayekaa chini ya taa hii, na atakuwa akifanya nini?

Mimi mwenyewe nilifunzwa na mpwa wangu. Kila jioni alilalamika kuumwa na kichwa, nasi tukaanza kuchanga pesa za miwani. Daktari wa macho alimpima akamkuta mzima. Kisha akamwuliza, "Ukisoma huketi wapi?" Kumbe kijana alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, balbu ikiwa nyuma yake, na kivuli cha kichwa chake mwenyewe kikaangukia daftari. Tulichohitaji ni taa ndogo ya mezani, si miwani.

Wazee wetu walituonya kwamba kusoma kwenye mwangaza hafifu kunapofusha. Hilo si kweli. Hata hivyo, macho huchoka, hukauka na kuwasha, na kichwa huuma. Hasara kubwa zaidi ni kwamba mtoto anayeumwa kila akifungua kitabu huanza kukichukia kitabu chenyewe, nasi tukamwita mvivu.

Sogeza taa, usiongeze balbu

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa. Ukiisogeza taa hadi nusu ya umbali uliokuwepo, mwangaza unaofika kitabuni huwa mara nne zaidi. Ndiyo maana balbu ya wati 5 iliyo kando ya daftari huweza kuishinda balbu ya wati 15 iliyo darini. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke taa upande wa kushoto, na wa kushoto aiweke kulia, ili mkono usitie kivuli. Taa iwe na kifuniko, balbu isimtazame mtu machoni.

Usimsahau bibi. Mwangaza unaolifikia tabaka la nyuma la jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban thuluthi moja tu ya ule umfikiao kijana wa miaka 20. Akiomba taa zaidi anapotia uzi kwenye sindano, hadeki. Vilevile mwekee taa ndogo ukumbini anakopita usiku kwenda msalani, kwa kuwa kuanguka katika umri huo si mzaha.

Herufi K kwenye boksi

Sasa tuje kwenye rangi. Tazama boksi la balbu za LED, utaona namba ikifuatwa na herufi K. Namba 2700 au 3000 ni mwangaza wa manjano, na 6500 ni mweupe unaokaribia buluu. Mnamo mwaka wa 2002 wanasayansi walieleza kuhusu seli za pekee zilizo ndani ya jicho, ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo huamshwa hasa na buluu. Mtu anayekaa chini ya taa nyeupe kali hadi dakika ya mwisho huuambia mwili wake kwamba jua bado halijatua, na usingizi hukawia.

Najua nitapingwa. Kuna wanaosema kwamba katika joto letu la Pwani taa nyeupe huonekana kama yenye ubaridi, ilhali ya manjano inawakumbusha koroboi na shida. Nawaelewa. Jikoni na mezani pa kusomea, weka nyeupe ukipenda. Lakini baada ya sala ya isha, chumba cha watoto kinataka taa ndogo ya manjano, iliyo chini, ambayo nayo itazimwa wakishalala.

Umeme ukipotea au tokeni zikiisha, tafadhali usiirudie koroboi. Tangu mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani, kwa sababu ya moshi wake, moto, na watoto wanaoyanywa kutoka chupa za soda wakidhani ni maji. Taa ya sola au ya kuchaji inafaa zaidi.

Kabla ya kununua, mwombe mwenye duka aiwashe balbu. Ielekezee kamera ya simu yako. Ukiona mistari ya giza ikipita kiooni, aghalabu balbu hiyo inapepesa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, nayo huweza kuwasumbua wenye kipandauso. Tafuta nyingine. Ama zile tubu ndefu za florosenti, zina zebaki ndani yake, na mwaka wa 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji wake kufikia mwaka wa 2027. Ikivunjika moja, fungua madirisha, watoe watoto, na ukusanye vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, si kwa ufagio.

Kwa wenye nyumba

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba wanaowakataza wapangaji kuongeza taa ati bili itapanda. Hebu tupige hesabu pamoja. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa nne kila usiku kwa siku 30 hula uniti 0.6. Haifiki hata uniti moja kwa mwezi! Glopu ya zamani ya wati 60 ingekula uniti 7.2 kwa muda uo huo. Mwenye nyumba anayemnyima mtoto wa mpangaji taa ya kusomea anaokoa vipeni, lakini mtoto yule anapoteza mengi.

Nawe msomaji, leo jioni fanya jambo moja. Kaa pale anapokaa mwanao akisoma, shika kitabu chake, utazame kivuli kinaangukia wapi. Mwenye macho haambiwi tazama.