Kwanza Kitabu, Pepa Baadaye

Mtihani wa mock ukishapita, somo la Kiingereza katika Kidato cha Nne hugeuka kuwa kitu kingine. Silabasi imekwisha, au imetangazwa kuwa imekwisha, na mwalimu anaingia darasani na bunda la pepa za miaka iliyopita. Ubaoni inaandikwa sentensi moja na maelekezo yake: iandike upya ukianza na "No sooner". Inayofuata ianze na "Hardly". Kisha "too" igeuzwe kuwa "so… that", kauli ya kutenda iwe ya kutendwa, usemi halisi uwe wa taarifa. Ikifika Novemba watoto hawa watakuwa wamepindua mamia ya sentensi ambazo hawatazisikia popote, si redioni, si kwenye filamu, si kwa mtalii aliyepotea njia Kariakoo. Usiku, kwenye prepo, wanaendelea. Wenyewe wanaita kupiga msuli, na kwa kweli msuli unatumika.

Sina ugomvi na bidii hiyo. Ugomvi wangu ni mahali inapoelekezwa. Toleo hili lote linahusu maandalizi ya mtihani wa Kiingereza wa kumaliza Kidato cha Nne, na hoja ninayolifungulia ni moja: tunamzoesha mtahiniwa sura ya mtihani, huku tukimwacha bila lugha ambayo mtihani huo unaipima. Na mtihani, pamoja na kasoro zake zote, hilo huligundua.

Huligundua kwanza kwenye swali la ufahamu. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na picha za majibu yenyewe yalivyoandikwa kwa mkono. Ni maandishi yanayostahili wasomaji wengi kuliko yanaowapata. Ukizisoma za Kiingereza unakutana na malalamiko yale yale: mtahiniwa amenakili sentensi za kifungu kama zilivyo, amejibu jambo ambalo hakuulizwa, ameandika kwa Kiswahili. Watu husoma hapo wakatikisa vichwa kuhusu uvivu wa vijana wa siku hizi. Kunakili kwa namna hiyo si uvivu hata kidogo. Mtoto ameona neno moja la swali, akalisaka ndani ya kifungu, akaikamata sentensi iliyolibeba na kuihamishia kwenye karatasi yake. Ni mbinu ya mtu asiyeelewa anachokisoma, lakini aliyefundishwa vizuri sana kwamba nafasi iliyoachwa wazi haina alama. Aliyemfundisha ni nani kama si sisi?

Paul Nation, mwanaisimu wa New Zealand aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza msamiati wa lugha ya pili, ana kipimo kinachosaidia hapa. Ili mtu asome bila kushikwa mkono, anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100. Kwenye kifungu cha maneno 300, hayo ni maneno sita mageni, na maneno sita unaweza kuyabahatisha kwa kuyatazama yaliyo jirani nayo. Anayejua 90 katika kila 100 anakutana na mageni 30. Karibu kila mstari una lake. Huyo hasomi tena, anabahatisha. Mpe pepa kumi za zamani azifanye, atatoka na ujuzi wa kubahatisha haraka zaidi.

Dawa ya hapo haipatikani kwenye orodha ya maneno magumu na maana zake inayobandikwa ukutani kwa karatasi ya manila. Neno hukaa kichwani likikutana na msomaji mara nyingi, katika shughuli tofauti, na mahali pekee ambapo mtoto wa Nachingwea au Kibondo anaweza kukutana na neno la Kiingereza mara nyingi ni kitabuni. Simaanishi kifungu cha aya nne chenye maswali chini yake. Namaanisha kitabu kizima, chenye watu ambao msomaji anataka kujua mwisho wao.

Jambo hili lilishapimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za msingi za vijijini huko Fiji, ambako watoto hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Baadhi ya shule zilipewa vitabu vya hadithi 250 kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la nne na la tano; nyingine ziliendelea na mazoezi yao ya kawaida ya miundo ya sentensi. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao. Katika mwaka wa pili faida ilisambaa hadi kwenye kuandika, kwenye sarufi yenyewe, na kwenye matokeo ya mitihani. Waliokuwa wakikaririshwa miundo walishindwa kwenye miundo hiyo hiyo na watoto waliokuwa wakisoma hadithi.

Sisi wenyewe tulishafika karibu na somo hilo. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye Clive Criper na Bill Dodd waliandika taarifa iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujaisha tangu hapo, na hautaishia kwenye ukurasa huu. Ninachotaka kikumbukwe ni kilichofuata. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 Uingereza ilifadhili mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu kubwa ya mradi huo ilikuwa kupeleka vitabu vyepesi vya kusoma katika shule za sekondari. Walioupanga waliona kwamba upungufu mkubwa ulikuwa kwenye kusoma. Fedha za wafadhili zilipokoma, mazoea ya pepa yakarudi kwenye nafasi yake, maana pepa ni rahisi kurudufu kuliko kitabu.

Inauma zaidi kwa sababu vitabu vya fasihi tulivyo navyo ni vizuri. Chukua "Three Suitors: One Husband" ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun. Ni tamthilia ya kuchekesha kutoka mwanzo hadi mwisho: familia inayopokea mahari kwa mchumba mmoja, kisha inapokea kubwa zaidi kwa mwingine, na fedha hizo hizo zinavyozunguka hadi kumwoza Juliette kwa kijana aliyemchagua mwenyewe. Au "Unanswered Cries" ya Osman Conteh wa Sierra Leone, ambayo binti wa Kidato cha Tatu akiianza haiwekei alama ya ukurasa, kwa kuwa haifungi. Au "Passed Like a Shadow" ya Bernard Mapalala, kitabu chembamba ambacho ukisoma kurasa tano kwa siku mwezi hauishi hujakimaliza.

Lakini mtahiniwa wetu hasomi hivi. Anasoma uchambuzi. Kijitabu cha kurasa chache, au madesa yaliyotolewa nakala hadi herufi zikafifia, yenye dhamira, wahusika, na majibu ya mfano. Kwa Juliette atakuandikia kwamba ni mhusika mkuu, ni jasiri, anawakilisha wasichana wanaopinga mila zilizopitwa na wakati. Muulize kama tamthilia inachekesha. Hajui, hakuwahi kuiona. Vitabu vyenyewe vipo, vimefungiwa kwenye kabati la ofisi ya taaluma ili visichanike. Mwalimu aliyebobea katika kusahihisha anaijua insha ya uchambuzi kwa aya yake ya kwanza, kwa sababu ameshasoma nyingine arobaini zinazofanana nayo neno kwa neno, na makosa yake ya chapa yamo.

Nisisomwe kana kwamba naitupa sarufi. Sarufi ifundishwe, na ifanyiwe mazoezi mengi. Kinachonisumbua ni namna mazoezi yetu yanavyojifanya kwamba mtoto aliingia darasani na kichwa kitupu. Aliingia na sarufi nzima ya Kiswahili, na makosa yake mengi ya Kiingereza ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya kigeni. Anaandika "The book which I bought it" kwa sababu anasema "kitabu nilichokinunua", na ile "ki" ya mtendwa inadai nafasi yake. Anaandika "My father he works" kwa sababu katika lugha yake kitenzi kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha mtenda hata kama baba ameshatajwa. "At", "in", "to" na "from" zinamchanganya, kwani mtu yuko nyumbani, anaenda nyumbani na anatoka nyumbani kwa "ni" ile ile moja. Kosa ninalolipenda kuliko yote ni "He has worn a red shirt", lililokusudiwa kueleza mtu aliyesimama mbele yako na shati lake jekundu. Mtoto ameambiwa kwamba "me" ni "has" na "have", basi "amevaa" ni nini kama si "has worn"? Hakuna aliyemwonyesha kwamba "me" yetu hufanya kazi mbili: hueleza tendo lililokamilika, na hueleza hali iliyopo sasa baada ya tendo. Amelala, amekaa, amechoka, amevaa. Kiingereza huzitenganisha kazi hizo.

Kufafanua hilo ni kazi ya dakika tano, kwa Kiswahili. Vivyo hivyo sentensi za masharti, zinazofundishwa kwa kanuni kama za aljebra, aina ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi darasa linasinzia. Mtoto anayesema "ungeniambia ningekuja" na "ungaliniambia ningalikuja" tayari anayo mawazo yote mawili. Anachohitaji ni kuonyeshwa Kiingereza kinayawekea nguo gani. Ila shule nyingi zina bango la "Speak English" kwenye ukumbi, na zipo ambazo Kiswahili nje ya kipindi chake kina adhabu. Mwalimu anayejua kabisa kosa limetoka wapi analazimika kulieleza kwa lugha ambayo kosa lenyewe linathibitisha kwamba mwanafunzi haielewi.

Najua jibu nitakalopewa na walimu, kwa sababu nimeshapewa. Darasa lina wanafunzi sabini, vitabu ni kumi na viwili, vipindi havitoshi, na mkuu wa shule anataka kuona ufaulu, si hadithi. Hayo yote ni kweli. Lakini vitabu kumi na viwili vikisomwa kwa makundi vinatembea darasa zima ndani ya muhula. Mwalimu anayesoma kwa sauti ukurasa mmoja kila anapoanza kipindi anahitaji nakala moja tu. Na robo saa ya kusoma kila siku tangu Kidato cha Kwanza haimnyang'anyi mtu silabasi. Sarufi nayo itolewe kwenye ukurasa huo huo uliosomwa. Ukitaka kufundisha kauli ya kutendwa, tafuta mahali ambapo mwandishi ameitumia na uulize kwa nini amemficha mtenda. Pepa za zamani zibaki kwa wiki za mwisho, zimfundishe mtahiniwa kugawa saa zake, kusoma maelekezo hadi nukta, na kutofautisha "explain" na "list". Pepa ni kipimo kizuri. Kama mwalimu, ni dhaifu.

Makala za toleo hili hazikubaliani zote nami, na nimefurahi. Yupo anayetetea mazoezi ya kugeuza sentensi kwa hoja nzito kuliko nilivyotarajia: kwamba kwa mtoto anayeelekea kupata F, alama chache za uhakika za sarufi ndizo zinazomvusha hadi 30 za D, na hadithi haziwezi kufanya hivyo katika miezi mitatu. Kwa miezi mitatu, yuko sahihi. Mimi naulizia miaka minne. Mwingine ameandika kuhusu muhtasari, swali ambalo watahiniwa wengi huliruka na ambalo kwa maoni yangu ndilo la haki kuliko yote, kwa sababu halina desa.

Limebaki la watunga mitihani. Shule zitafundisha kile kinachoulizwa, na maadamu swali la fasihi linaomba insha ya jumla kuhusu dhamira katika vitabu viwili, uchambuzi utaendelea kuuzwa. Jirani zetu Kenya wana njia nyingine. Katika pepa ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtahiniwa hupewa dondoo kutoka kitabu teule, yenye alama 25 kati ya 80, na moja ya maswali ya kawaida ni kueleza nini kinatokea mara kabla au baada ya dondoo hiyo. Nao wana miongozo yao inayouzwa barabarani, hilo lisifichwe. Lakini mwongozo hauwezi kukueleza kinachotokea kabla ya kila ukurasa. Swali moja la aina hiyo kwenye mtihani wetu, likitangazwa katika fomati miaka miwili kabla, lingefungua makabati mengi ya ofisi za taaluma bila waraka wala semina. Kurasa za mwisho za toleo hili zina maswali ya mfano ya dondoo kutoka vitabu vitatu nilivyovitaja. Wapeni wanafunzi wa Kidato cha Tatu wayajaribu, kisha mtuandikie wamekwama wapi.