Wajumbe wa Voi Hawaendi Kasarani Kuchagua

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, wajumbe wa vyama vya kisiasa kutoka Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta husafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi kumteua mgombea urais. Husemwa kwamba huenda kuchagua. Ukweli ni kuwa aghalabu huenda kupiga makofi.

Mnamo Oktoba 14, 2002, wajumbe wa KANU walikutana Kasarani kumwidhinisha Bw Uhuru Kenyatta, ambaye Rais Moi alikuwa amekwisha kumtangaza kuwa chaguo lake miezi kadhaa kabla. Siku hiyo hiyo, huko Uhuru Park, marehemu Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha", nao upinzani ukapata mgombea mmoja pasipo kura ya wanachama. Miaka 20 baadaye mambo yalikuwa yale yale. Machi 12, 2022, Azimio ilimwidhinisha Bw Odinga. Siku tatu baadaye UDA ikamwidhinisha Bw William Ruto. Majina hayo yalijulikana kabla mjumbe wa Voi hajapanda basi.

Tusiwanyime wenye haki haki yao. Septemba 1, 2007, ODM ilipiga kura kwelikweli: Bw Odinga 2,656, Bw Musalia Mudavadi 391, Bw Ruto 368. Hata hivyo, watu elfu tatu na ushei ndio walioamua kwa niaba ya wanachama wote nchini.

Wazee watakumbuka kwamba ubishi huu ulichangia kuivunja FORD mwaka wa 1992. Upande wa Bw Kenneth Matiba ulitaka kila mwanachama apige kura. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ukataka wajumbe. Wakaenda kila mmoja njia yake, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura.

Katiba humtaka mgombea urais aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zilizo zaidi ya nusu ya kaunti zote. Basi huja kwetu kutafuta sahihi. Sahihi zetu zinafaa, ila rai yetu haitakiwi!

Wasidhani watu wa hapa hawaoni. Mwaka 2022 walimchagua Bw Andrew Mwadime kuwa gavana, naye alikuwa mgombea huru.

Sheria ya vyama, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inaruhusu uteuzi wa moja kwa moja wa wanachama. Watasema gharama ni kubwa. Lakini vyama vikubwa hupokea fedha za umma, na kodi hiyo hutozwa hata Kasigau na Sagalla. Kabla ya uchaguzi wa 2027, kila chama kiweke sanduku la kura katika kila wadi, wanachama waliosajiliwa wapange foleni, na matokeo yatangazwe papo hapo. Wajumbe wakienda Nairobi baada ya hapo, waende na hesabu hiyo mkononi.