Nairobi fly: Mpeperushe, usimponde

Mtoto amelala vizuri. Kesho yake jioni shingoni ana mstari mwekundu unaowaka, utadhani amechapwa fimbo au kumwagiwa chai. Dada wa kazi anaapa hakumgusa. Kabla ya mtu kufukuzwa kazi, mzazi atazame ukutani karibu na taa.

Huenda akamkuta Nairobi fly. Jina linadanganya, maana si nzi bali ni mbawakawa mwembamba, mwenye urefu wa kama milimita 7 hadi 10. Ana rangi ya machungwa, ila kichwa na ncha ya mkia ni nyeusi, na katikati kuna mabawa mafupi yenye weusi wa kubluubluu. Huzaliana kwa wingi kukiwa na mvua nyingi. Waliokuwepo Kenya wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 wanamkumbuka.

Akitishwa huinua mkia kama nge, ndiyo maana wengi huamini anauma. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili na humwagika anapopondwa. Kwa hiyo mara nyingi kinachomuumiza mtoto ni kofi la mtu mzima aliyetaka kumsaidia.

Tena sumu haiwashi papo hapo. Wekundu na malengelenge hutokea baada ya saa 12 hadi 36, wakati mdudu ameshasahaulika. Alama huwa ndefu kwa sababu hufuata njia ya kidole kilichomfuta. Wapo wanaodhani ni mkanda wa jeshi. Kwa kawaida ngozi hupona ndani ya wiki moja hadi tatu, ingawa doa jeusi laweza kubaki kwa muda.

Jicho ndilo la kuogopa zaidi. Mtoto akimshika mdudu kisha akajifikicha, kope huvimba na jicho huuma. Huyo aoshwe jicho kwa maji safi mengi na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kuwekewa dawa ya macho iliyobaki kabatini.

Mdudu akiwa juu ya ngozi, apulizwe, au aachwe apande kwenye karatasi kisha atolewe nje. Mahali alipopita paoshwe kwa sabuni na maji, na nguo au shuka aliyopondewa ifuliwe. Kitambaa kilicholowa maji baridi hutuliza. Dawa ya meno na majivu havisaidii, na malengelenge yasitumbuliwe.

Kinachomleta ndani ni mwanga, hasa taa nyeupe kali. Madirisha yafungwe kabla taa hazijawashwa magharibi, au yawekwe wavu wenye matundu madogo. Taa ya chumba cha watoto izimwe mapema, kitanda kisikae chini ya taa, na shuka zikung'utwe kabla ya kulala. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Ni kazi ile ile ya kuzuia mbu. Nyasi ndefu karibu na nyumba zikatwe, lakini shambani aachwe, kwani hula wadudu waharibifu wa mazao.

Wanaopuliza dawa ya wadudu wakumbuke kufagia. Hata aliyekufa na kukauka bado ana sumu, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu.