"Kuazima" na Maneno Mawili ya Kiingereza

Mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu hukutana mara kwa mara na sentensi hii: "Borrow me your pen." Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tulimsikia mtoto mmoja akiitamka mbele ya darasa. Mwanachuo wetu alimkemea, wenzake wakamcheka, naye hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia. Baada ya kipindi tulimwuliza mwanachuo yule sababu ya kosa lile. Alijibu kwamba mtoto hakuwa msikivu. Sisi hatukubaliani naye.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. "Borrow" ni tendo la anayepokea kitu kwa muda. "Lend" ni tendo la anayekitoa. Maneno haya hayana undugu. La kwanza limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya dhamana. La pili lina nasaba moja na "loan", yaani mkopo. Hakuna herufi inayomdokezea mwanafunzi kuwa ni pande mbili za tendo moja.

Katika Kiswahili, kitenzi kuazima hutumika pande zote mbili. "Nimeazima jembe" ni kulipokea. "Nimemwazima jembe" ni kulitoa. Kitenzi ni kile kile. Kinachogeuza maana ni kiambishi cha mtendwa. Basi mtoto asemaye "borrow me" amefasiri "niazime" kwa uaminifu. Amefuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha nyingine.

Wala isidhaniwe kuwa Kiswahili ni maskini wa kupambanua. Kikombe cha sukari kwa jirani hukopwa, maana itakayorudishwa ni sukari nyingine. Sufuria huazimwa, kwa kuwa hurudi ile ile. Kiingereza hakijali tofauti hiyo: vyote viwili ni "borrow". Aidha, neno "rent" hutumiwa na mpangaji na mwenye nyumba pia, ilhali sisi husema kupanga na kupangisha. Kila lugha ina mahali ilipochagua kuwa makini.

Wako walimu wenzetu wanaoshikilia kuwa Kiswahili kisisikike kabisa katika kipindi cha Kiingereza. Twaiheshimu hoja yao, kwani mtoto anahitaji kusikia Kiingereza kwa wingi. Hata hivyo, kwa jambo kama hili, dakika tano za Kiswahili zaweza kuokoa majuma ya kusahihisha kosa lile lile.

Njia tunayoipendekeza ni nyepesi, na zana yake ni penseli moja. Mwalimu awasimamishe watoto wawili, Asha na Juma, Asha ampe Juma penseli. Kwanza aulize kwa Kiswahili: penseli imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani? Kisha kila mmoja alieleze tendo hilo kwa upande wake. Juma aseme, "I borrowed a pencil from Asha." Asha aseme, "I lent a pencil to Juma." Halafu wabadilishane nafasi. Maneno "from" na "to" yafundishwe papo hapo pamoja na vitenzi vyake, maana ndiyo yanayoonyesha mwelekeo. Mwishoni mwalimu aandike ubaoni "niazime" mkabala na "lend me", na "naomba kuazima" mkabala na "may I borrow".

Mtoto anayechekwa kwa sentensi moja aweza kunyamaza muhula mzima, na lugha haifundishiki kwa aliyenyamaza. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, mwalimu na ajiulize: chini ya kosa hili kuna sentensi gani ya Kiswahili? Akishaipata, somo lake la kesho limekwisha kupatikana.